Mwaka huu sijaolewa, sijajenga, sijazaa, na umekua mwaka mzuri tu. Tuongee

BintiLikoni

Salaam wana Mombasa na wageni wetu. Uzi utakua mrefu kidogo, kama uko kwa foleni ya feri ya Likoni basi uko mahali pake.

Iko hivi. Darasa letu la sekondari tuko na grupu ya wasapu, na kila Disemba admin huanzisha kitu anaita ripoti ya mwaka, kila mtu aandike Mungu amemjalia nini. Basi utasoma: nimeoa, nimepata wa pili, nimenunua ploti Mtwapa, nimemaliza masters, nimepeleka wazazi Umra, nimepandishwa cheo. Mashallah kwa wote, wallahi sina roho mbaya, wengine shughuli zao nlichanga na hata kwa picha za ukumbini nimo nimevaa dera la sare. Ikafika zamu yangu nikaandika "niko salama, kazi ile ile, nyumba ile ile, mama mzima". Kimya. Mtu mmoja akaeka emoji ya mikono ya dua. Mwengine akanifata pembeni, "usijali shoga, yako yaja".

Yaja nini? Mbona nahurumiwa na sijalia?

Mimi naona tumejizoesha kuhesabu maisha kwa shughuli. Mtihani, shahada, kazi, nikahi, arubaini ya mtoto, kuhamia nyumba, alafu mazishi ambayo wewe mwenyewe hutahudhuria. Chukua mtu aliyeishi miaka sabini, zikusanye siku zake zote za shughuli pamoja, kesha na kupamba zikiwemo, sidhani zitajaa hata mwaka. Sasa hiyo mingine sitini na tisa ilikua ya nani?

Ntawaambia mwaka wangu ulivokua, mtaniwia radhi maana hauna kichwa wala miguu. Alfajiri naamshwa na mbuzi, si wa kufuga, ile ya kukunia nazi, mamangu hataki kusikia habari ya nazi za pakiti. Anakuna, anachuja kwa kifumbu cha marehemu bibi, tui zito kando, la pili kando, chicha kwa kuku wa jirani ambao sijawahi kuwaona wakishukuru. Ile sauti ya nazi kwa meno ya mbuzi naijua kiasi kwamba naweza kukwambia nikiwa bado kitandani kama leo nazi ni koroma ama imekomaa. Kisha natoka, nashuka mteremko na wenzangu, hesabu za feri wenyewe zasema watu laki tatu hivi huvuka kwa siku na mimi nawaamini kwa sababu nusu yao hunikanyaga. Kuvuka kwenyewe ni kama dakika kumi, kusubiri ndo hesabu nyengine.

Kuna mama mmoja wa makamo husimama mbele karibu na mnyororo, ana kikapu cha ukindu, jina simjui. Siku moja ya mvua nlimwambia mamangu anaumwa na goti. Tangu hapo kila tukikutana haniulizi mimi hali, auliza goti. "Goti laamkaje?" Namwambia limeamka salama lakusalimu. Anashuka ng'ambo anapotelea kule, mimi naenda zangu ofisini kwetu klaring kugombana na makaratasi ya makontena ya watu.

Sasa hiyo ntaiandika vipi kwa grupu? "Mwaka huu goti la mama limeulizwa hali na mtu nisiyemjua." Wataniombea dua tena.

Haya leteni maoni, na mkija na "shoga yako yaja" nawablok.

Kibokoni Kwetu

Dada umenigusa. Sisi wa Mji wa Kale tulisomeshwa hili somo kwa lazima 2020, wakati wa korona. Kafyu iliingia tarehe 27 Machi, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, alafu tarehe 6 Mei wakatufungia mtaa mzima, huingii hutoki, siku 15 kisha wakaongeza, na yote hayo Ramadhani iko katikati. Tarawehe nyumbani. Iddi nyumbani.

Sasa sikiliza ajabu yake. Harusi ya mpwa wangu iliahirishwa, watu wakasema pole, ikaisha. Hakuna aliyekaa akaililia. Tulichokua tukikililia ni baraza. Yule muuza kahawa anayepita na dele lake akigonganisha vile vikombe, mimi nimeishi na ile sauti tangu nazaliwa na sikuwahi kuisikia mpaka ilipokosekana. Babangu mzee akawa jioni atoa kiti, akieka mlangoni kwa ndani, mlango wazi, akae aangalie baraza tupu ya ng'ambo ya kichochoro. Wazee wawili watatu hivo hivo kila mtu na mlango wake wakawa wapigiana kelele za dhumna bila dhumna. "Ningekufunga leo wewe!" "Kwa kete gani!"

Walipofungua, jamaa wa kahawa siku ya kwanza alimaliza dele kabla ya kufika kona. Watu walikunywa vikombe kama wamefungwa jela.

KijanaMagongo

Nitawaharibia stori kidogo mnisamehe. Haya maneno ni matamu mtu akiwa na mshahara. Mimi kibarua, siku ya kawaida kwangu ni kusimama getini na wenzangu mia tungoje kuitwa, usipoitwa ndo hivo. Nyumbani maji ni ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Mtoto akikohoa usiku naanza hesabu. Hiyo kawaida nataka itoke, si kuithamini. Mimi nangoja siku ya maana kwa sababu hii niliyo nayo haitoshi. Watu wenye shibe ndo huambiana "furahia vitu vidogo".

BintiLikoni

@KijanaMagongo karibu, na hujaharibu kitu. Nakubali kabisa, kuna kawaida ya raha na kuna kawaida ya dhiki, na mtu wa pili ukimwambia atulie afurahie ni matusi. Sikusema watu wasitake kutoka. Lkn nikuulize na wewe, mwaka huu umechanga shughuli ngapi? Harusi, matanga, sherehe ya kufuzu ya mtoto wa bosi? Maana mimi naona wanaokamuliwa na haya mambo ya shughuli kubwa ni sisi wa chini kuliko hao wenye shibe. Mtu akopa alishe watu mia nne siku moja alafu miaka miwili aishi na bibi harusi wake kwa deni, chai kavu.

KijanaMagongo

Hapo kwa michango sina jibu, umenipiga 😂

Mwalimu wa Baiolojia

Naleta ya vitabuni kidogo. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Brickman, Coates na Janoff-Bulman, waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu Illinois, zawadi kubwa, kuanzia dola elfu hamsini mpaka milioni, wakawalinganisha na watu wa kawaida ambao hawakushinda. Kwa jumla hao washindi hawakua na furaha kuwazidi wengine kwa kiasi cha maana, hiyo wengi mshaisikia. Isiyosemwa sana ni hii: waliulizwa pia wanapata raha gani kwa vitu vya kila siku, kuongea na rafiki, kula chakula cha asubuhi, kusikia mzaha. Washindi wakatoa alama za chini kuliko hao wa kawaida. Yani ile siku kubwa iliwapunguzia ladha ya kifungua kinywa.

Ni utafiti mdogo, watu 22 si kitu, wala usiutumie kumwambia fukara kwamba pesa hazina maana maana huo haukusema hivo. Lkn mimi hilo la chakula cha asubuhi limenikaa.

Wa pili wa 2014, Ting Zhang na wenzake wa Harvard. Waliwaambia watu waandike vitu visivyo na maana vya wakati ule, mazungumzo yao ya mwisho, nyimbo wanazosikiliza, utani wao na marafiki, wakakisia itawavutia kiasi gani kuvisoma tena. Miezi mitatu baadae wakarudishiwa. Ikawavutia kuliko walivokisia. Wakafanya na wapenzi pia, waandike mazungumzo ya siku ya Valentain na ya siku ya kawaida. Pale kwa siku ya kawaida ndipo watu walikosea zaidi makisio, walidhani itakua haina lolote.

MamaPacha

@Mwalimu hiyo ya pili umeniandikia mimi. Simu yangu imejaa picha za betdei, kila mwaka keki, kofia ya karatasi, watoto wanakodoa macho kwa sababu babao anapiga kelele "semeni chiiiz". Ukizipanga huwezi kujua ni mwaka gani usipohesabu mishumaa. Alafu kulikua na kigoda kimoja hapa nyumbani, cha mti, walikua wakikigombania kila asubuhi ya Mungu, mmoja ashakalia mwengine amvuta mguu, mimi na mwiko mkononi chai yamwagika. Nlikua nasema Ya Rabbi lini hawa wataanza shule nipumue. Sai wako darasa la tano na kigoda kiko pale kwa kona hakuna anayekitaka. Video ya vita vya kigoda sina hata moja.

Na sisemi nlikosa adabu kwa Mungu kutaka wakue, mtu aliyelea mapacha anajua nasema nini. Nlikua nimechoka na nlikua na haki ya kuchoka. Nasema tu ningebonyeza ile simu sekunde kumi.

Mwanakwaya

Mimi Mkatoliki wa Changamwe, niwape siri ya kalenda yetu. Watu wanajua Krismasi na Pasaka. Lkn mwaka wa Kanisa una kitu kinaitwa Kipindi cha Kawaida, padri anavaa kijani, na hicho ndicho kirefu kuliko vyote, wiki 33 ama 34 katika zile 52. Kinaanza baada ya Ubatizo wa Bwana, kinakatwa na Kwaresima na Pasaka, kinarudi baada ya Pentekoste mpaka Majilio. Yani wazee wetu walipanga makusudi, sehemu kubwa ya mwaka isiwe na sikukuu.

Sasa njoo uone kwaya. Mkesha wa Krismasi tunajaa mpaka sare hazitoshi, kuna watu sijawahi kuwaona mazoezini wako mstari wa mbele wanapanua mdomo. Dominika ya 17 ya Mwaka tuko sauti nne, mpiga kinanda na mtoto wake. Lkn nakwambia kuimba ni hapo. Krismasi nasikia spika, hiyo Dominika ya 17 nasikia mtu aliye pembeni yangu anavuta pumzi.

Ustadh Mzalendo

@Mwanakwaya hata kwetu. Watu wanajaa msikiti Ramadhani ikiandama, Shawwal, mwezi unaofuata, safu tatu. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuna neema mbili watu wengi hupunjwa nazo, afya na faragha, yani wakati usio na shughuli. Angalia vizuri, hakutaja hapo mali wala cheo. Goti lisilouma na jioni isiyo na shughuli. Dada msalimie mama.

Baharia Mstaafu Mtarajiwa

Nimesoma uzi wote nikiwa melini, intaneti yetu sai yaruhusu maandishi tu, picha msinitumie.

Sisi kazi yetu ni kungoja. Mkataba wangu ni miezi tisa. Mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa 2006 haukubali mtu akae melini mwaka mzima mfululizo, lkn 2020 mabaharia kama laki nne dunia nzima walikwama baharini bandari zimefungwa, nami nlikua mmoja wao. Zamu masaa manne, kupumzika masaa manane, zamu masaa manne tena, na kalenda ukutani mtu akata siku kwa kalamu nyekundu. Mzee mmoja Mfilipino aliniambia acha kukata. Nikamuuliza kwanini. Akasema hizo unazokata ni zako, kwani waona ni za kampuni?

Lkn nlichotaka kusema ni cha nyumbani. Nikirudi, siku ya kwanza ni sherehe. Biriani, majirani, watoto wamevalishwa, mke wangu amejifukiza udi, napokewa kama gavana. Wiki ya kwanza yote mimi ni mgeni, naulizwa "utakula nini", naekewa taulo mpya. Na sipendi, ila siwezi kusema kwa sababu wamejitahidi. Mimi nangoja wiki ya tatu. Wiki ya tatu mke wangu ananiambia bila kuniangalia, "hebu hiyo taka mbona haijatoka, na gesi imeisha". Hapo ndo nimefika nyumbani. Wale watoto wanapita mbele ya tivi nikiangalia mpira hawaniombi radhi. Raha hiyo siwezi kumweleza mtu.

Alafu wiki ya nne ama ya tano naanza kupigiwa simu ya mkataba mpya.

KijanaMagongo

Kaka baharia salute. Haya nami nirudi, bado sijakubali yote ya dada lakini nimefikiria nikiwa getini leo (sikuitwa).

Mimi nlioa mwaka juzi. Na ile siku ilikua na maana, msiniambie haikua na maana, nlilia. Kabla ya hapo nlikua narudi chumbani hakuna anayejua kama nimekula ama sijala. Sasa nikirudi bila kitu yuko mtu anasema "basi kesho", na uji uko. Kwaio shughuli ilibadilisha zile siku zangu zote za baada yake. Msiziponde shughuli, kuna nyengine ndo mlango wa hizo siku za kawaida mnazosifu.

BintiLikoni

@KijanaMagongo wewe umesema kile kitu mimi nlikua nakizunguka tangu mwanzo wa uzi na sikukifikia. Asante na inshallah kesho uitwe.

Ndo hivo. Shughuli ipimwe kwa hizo siku inazokuletea. Yako ilikuletea mtu wa kukwambia basi kesho, na chumba ni kile kile. Kuna wengine nliwahudhuria ukumbi wa kifahari, keki ya ghorofa, droni juu yapiga picha, na nyumbani hawajaongea tangu mwezi wa nne. Tunakaa mwaka mzima tukipanga Jumamosi moja na hakuna aliyeuliza Jumanne itakuaje. Rangi ya leso za sare tutagombana wiki mbili, lkn nani ataamka kumfungulia wa maziwa, pesa za stima zitatoka wapi, mume anaponuna hununa siku ngapi, hayo twayaita "mtazoeana tu".

Na sasa niwape siri kwa sababu hapa hamnijui. Nimeposwa. Mwezi uliopita. Ndo maana hata hiyo ripoti ya grupu ilinikera, ningeweza kuandika "kuna habari njema yaja" nikapigiwa vigelegele, nikaona haya, sitaki mwaka wangu wote uliopita uwe ulikua ni foleni ya hilo.

Mtu mwenyewe si mbaya. Afanya kazi bandarini, mpole, asalimia mamangu kwanza kabla yangu. Upande wa kwao walipokuja, jamaa zangu na wajomba wakaongea mahari, tarehe, ukumbi, watu wangapi, kina mama wa kwao kesha iwe wapi. Mimi nikapewa nafasi kidogo ya kuongea naye barazani, mlango wazi, mpwa wangu ametumwa akae karibu ajifanye asoma. Nikamuuliza, tukioana, Jumanne yetu itakuaje?

MamaPacha

😳😳 alafu??

Kibokoni Kwetu

Huwezi kukata hapo dada. Hatulali leo.

Mwanakwaya

Si alinyamaza? Sema alinyamaza.

BintiLikoni

Alinyamaza kweli, mpaka mpwa wangu akainua kichwa kutoka kwa kitabu. Akafikiria, akahesabu kwa vidole, mimi nkadhani ataniletea yale ya filamu, nitakupikia, nitakupeleka ufuoni Mama Ngina tukale mihogo tukiangalia meli. Akasema, "Jumanne mara nyingi mimi niko zamu ya usiku. Kwaio utakula peke yako. Ntarudi alfajiri nikiwa nanuka dizeli, utakua wataka kutoka uwahi feri. Tutaonana kama nusu saa hivi. Lkn vyombo nitaosha mimi."

Ustadh Mzalendo

Mkweli huyo. Mshike.

Baharia Mstaafu Mtarajiwa

Nusu saa kwa siku! Mimi naipata kwa mwaka. Kubali dada.

KijanaMagongo

Muulize kama bandarini wanaandika vibarua, mimi nitachanga harusi hiyo kwa roho safi 😂

BintiLikoni

Bado natafakari msinikimbize. Mama ashaanza kuulizia bei za ukumbi, nimemwambia asubiri.

MamaPacha

Kabla hujajibu, muulize vyombo gani. Vya usiku vilivyolala ama vya chai ya asubuhi? Na sufuria la wali lililoshika ukoko limo? Wangu pia alisema ataosha vyombo, kumbe alimaanisha vikombe.